Niwaandikie nini wazazi darasa la kwanza linapofunga mwaka?

Swali

Shikamoo mwalimu. Nafundisha darasa la kwanza katika shule ya serikali pembezoni mwa Jiji la Arusha, nina watoto 86. Mwalimu mkuu ameagiza kila mwalimu wa darasa aandike taarifa ya mwisho wa mwaka iende kwa wazazi kabla hatujafunga. Miaka ya nyuma ilikuwa karatasi yenye tarehe ya kufunga na kufungua, mahitaji na michango, basi. Mimi natamani wazazi wajue watoto wao wamefanya nini mwaka mzima, ila nikikaa kuandika sijui nianzie wapi. Wenyewe wakija swali lao ni moja: "Amekuwa wa ngapi?" Baadhi hawasomi vizuri, na watoto wengi wanaishi na bibi zao. Je, niweke nafasi? Na wale tisa ambao bado hawajaweza kusoma niwasemeje? Naomba unielekeze.

Mwalimu wa darasa la kwanza, Arusha

Jibu

Marahaba, mwalimu. Hilo swali la "wa ngapi" lisikukere. Mzazi analiuliza kwa sababu ndilo alilokulia nalo: yeye mwenyewe alisomewa nafasi yake kwenye paredi, na ripoti aliyopeleka nyumbani ilikuwa na wastani, nafasi na maneno mawili ya mwalimu, "aongeze bidii". Hakuna aliyemwambia kwamba kuna mengine ya kuuliza. Taarifa yako ndiyo itakayomwambia. Kwa hiyo ieleze mambo mawili kwa undani: mtoto wa darasa hili sasa anaweza nini, na mtu wa nyumbani amfanyie nini Desemba hii. Tarehe na mahitaji viwe mistari michache ya chini.

Nafasi usiweke. Katika darasa la watoto 86 alama za darasa la kwanza hubanana sana. Ukisahihisha imla ya maneno kumi utakuta kundi kubwa limepata nane au tisa, na mtoto aliyesahau herufi moja anaporomoka nafasi kumi na tano kwa kosa hilo moja. Bibi yake akiona "wa 41" atadhani mtoto hajui kitu, kumbe anasoma vizuri tu. Kinyume chake kipo pia: shule yenye darasa dhaifu inaweza kumtoa "wa tatu" ambaye hajui kusoma sentensi, na nyumbani wakamchinjia kuku. Kumbuka Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Ikiwa vijana wa kidato cha nne wameondolewa kwenye mashindano hayo, mtoto wa miaka sita au saba hana sababu ya kuwekwa humo. Kama fomu ya ripoti ya shule yenu ina sehemu ya nafasi, hilo lizungumze na mwalimu mkuu kwa wakati wake. Taarifa ya darasa ni karatasi nyingine.

Sasa, kusema watoto wanaweza nini. Hapa ndipo walimu wengi wanaandika "wamefanya vizuri katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu", na mzazi anabaki vilevile alivyokuwa. Mwoneshe safari. Januari walikuja wakiwa wa aina mbalimbali: waliopitia darasa la awali na waliotoka moja kwa moja nyumbani, wanaosema Kiswahili tangu utotoni na wanaotoka kwenye nyumba za Kimaasai, Kiarusha au Kimeru ambao Kiswahili wamekizoea humo darasani. Wakaanza na sauti za irabu, wakaja konsonanti, zikaunganishwa kuwa silabi, silabi zikawa maneno, maneno sentensi. Kiswahili kina irabu tano tu na kila moja ina sauti yake isiyobadilika, ndiyo maana mtoto akishaelewa konsonanti inavyokutana na irabu anaweza kusoma hata neno ambalo hajawahi kulisikia. Hilo ni tukio kubwa katika maisha ya mtoto, na kwa watoto wako wengi limetokea mwaka huu, mbele ya macho yako. Liandike. Wazazi hawakuwepo darasani kuliona.

Waambie pia darasa limefika wapi na linakwama wapi. Mara nyingi watoto wa darasa la kwanza wanapita ba, ka, la, ma, ta bila shida, halafu wanagota kwenye silabi za konsonanti zilizoungana: mba, nda, nya, kwa, mwa. Kuna mtoto anayesoma "mama" na "kuku" haraka ila mbele ya "mbwa" anasimama kabisa. Kuna anayechanganya "ng'ombe" na "ngoma" kwa sababu kile kialama juu ya ng' kwake ni nukta iliyopotea. Mzazi akijua kwamba kukwama huko ni sehemu ya njia, hatamwita mtoto mjinga kwa kuwa hajaweza kusoma "nywele".

Jambo moja ambalo naomba lisikose katika karatasi yako ni sauti za herufi. Darasani unafundisha sauti: mtoto akiona b anatamka mdomo ukifunguka kidogo, bila kuongeza irabu. Nyumbani mzazi aliyesoma zamani anamsahihisha: "Hiyo ni be. Sema a, be, che, de." Mtoto anayejaribu kuunganisha "be" na "a" anapata "bea", na hapo anachanganyikiwa, anaanza kuogopa kusoma mbele ya wakubwa. Mzazi hana kosa, hakuambiwa. Mistari miwili ya kumweleza kwamba majina ya herufi mtoto atayajua bila haraka, na sasa amwache atumie sauti, itaondoa ugomvi mwingi mezani.

La pili ni kukariri ukurasa. Watoto wana kumbukumbu kali mno. Mtoto akisikia wenzake wakisoma ukurasa ule ule wiki nzima, atausoma wote nyumbani akiwa ameangalia dirishani, na mama atapiga vigelegele. Mfundishe mzazi kupima kwa upole: aanzie katikati ya ukurasa, au achukue maneno matatu ya humo ayaandike upya kwenye karatasi kwa mpangilio mwingine. Mtoto akiyasoma, anasoma kweli. Akishindwa, hajadanganya mtu, amefikia tu hatua ya kukariri, na kazi ya likizo imejulikana. Mzazi asiyesoma anaweza kumwomba dada au jirani afanye hilo kwa dakika mbili.

Kuhusu kuandika sema machache. Kugeuza b na d, au kuandika 3 ikiangalia upande mwingine, ni kawaida kwa umri huu, na kunapungua kadiri mkono unavyozoea. Mwenye kutumia mkono wa kushoto aachwe autumie. Bado kuna nyumba ambazo mtoto anapigwa kibao kwa mkono huo, na neno la mwalimu lina uzito kuliko unavyodhani.

Kuhesabu nako kusikuchukulie nafasi kubwa, kwa kuwa nyumba zetu zimejaa hesabu. Vizibo vya soda na vijiti mnavyotumia darasani, mama anavyo jikoni kwa sura nyingine: ndizi kwenye chane, mayai kwenye trei, mandazi yaliyobaki kwenye beseni. Mtoto atumwe dukani na shilingi elfu moja, arudi aeleze chenji imekuwaje. Ila mzazi ampe nafasi ya kuhesabu mwenyewe hata akichelewa. Ukimjibia kabla hajamaliza vidole vyake, umemnyang'anya hesabu.

Desemba sasa. Unajua mwezi huu ulivyo kwetu huku kaskazini. Watoto wako hawatakuwa mjini: wengine watapelekwa Marangu, Machame au Rombo, wengine watakwenda Meru, Monduli au Karatu, na huko kwa bibi kuna binamu wengi, kuna ng'ombe wa kukatiwa majani, kuna sikukuu. Ukimtuma mtoto huyo na maswali hamsini ya kufanya, daftari litarudi Januari jeupe, au litarudi limeandikwa na kaka yake wa darasa la sita. Omba kitu kimoja kinachowezekana hata huko: kila siku mtoto amsomee mtu mzima kwa dakika kumi. Bibi asiyejua kusoma anafaa kabisa kwa kazi hii, na mwandikie hivyo ili asijione hahusiki. Yeye asikilize, kisha aulize: hapo wamesema nini? Halafu ikawaje? Mtoto anayeweza kujibu amesoma kwa kuelewa, na kuelewa ndiko mtoto anakohitaji kufika. Bibi naye arudishe kwa hadithi na vitendawili vya jioni, maana msamiati mtoto anaoupata pale ndio utakaomsaidia kutambua maneno kwenye kitabu.

Watasema hawana vitabu, na wengi hawana kweli. Waoneshe maandishi yaliyopo: maneno ya kwenye kanga ya mama, ambayo ni sentensi fupi yenye herufi kubwa zinazoonekana vizuri; mfuko wa unga; kalenda ya ukutani; kitabu cha nyimbo cha kanisani; jina la basi walilopanda kwenda kijijini. Mwenye simu janja aelekezwe kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambako vitabu vya kiada husomwa bure, gharama ni bando tu.

Watakuuliza pia kuhusu twisheni ya likizo. Mimi sipendi twisheni kwa mtoto wa darasa la kwanza. Amekaa kwenye dawati tangu Januari akibanana na wenzake 85. Mwili wake unadai kukimbia. Dakika kumi za kusoma kila siku na mtu anayempenda zinatosha, siku inayobaki acheze.

Naja kwa wale tisa. Katika karatasi ya darasa usiwataje, hata kwa mafumbo kama "wapo wachache wanaoturudisha nyuma". Wazazi watahesabu na watajua. Kwa hao andaa mazungumzo, mzazi mmoja mmoja, kabla ya wiki ya kufunga ambayo shule huwa ni vurugu tupu. Fungua kitabu cha mahudhurio kwanza. Mwaka wa masomo una siku 194. Ukikuta mtoto amekosa hamsini kati ya hizo, tatizo la kusoma umeshaliona lilikoanzia, na mazungumzo yatahusu kwa nini haji. Huenda anabaki na mdogo wake mama akienda gulioni, huenda mvua za masika zilifanya njia isipitike. Kisha jiulize kama anasikia na kuona sawasawa. Mtoto anayekaa nyuma akakunja macho kila mara, au anayejibu tofauti na ulichouliza, apelekwe akapimwe macho na masikio hospitali kabla hatujaanza kumwita mzito. Kwa darasa kubwa kama lako mtoto wa namna hii hujificha mwaka mzima kwa kuitikia pamoja na wenzake. Na kama lugha ya nyumbani si Kiswahili, huenda herufi anazijua ila maneno yenyewe hayajui. Huyo anahitaji kuzungumza Kiswahili zaidi, hajachelewa akili.

Ukikaa na mzazi, anza na kitu ambacho mtoto anaweza, na kiwe cha kweli: anajua irabu zote, anaandika jina lake, anahesabu hadi ishirini, anawasaidia wenzake kugawa uji. Ndipo useme asichoweza, kwa neno lililo wazi: "Bado hawezi kuunganisha sauti mbili." Halafu kazi moja ya Desemba: silabi za b, k na m pekee, kila siku kidogo, kwa vipande vya maboksi mlivyokata pamoja. Usimtishe kwa upimaji wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) wa darasa la pili. Mweleze tu kwamba upo, unasimamiwa na Baraza la Mitihani, na lengo lake ni kuonesha mtoto amefikia wapi ili asaidiwe. Mzazi akitaka mtoto akariri darasa, msikilize, umpeleke kwa mwalimu mkuu. Usiahidi wala kukataa pale pale. Majina ya hao tisa, pamoja na kila mmoja anakokwama, yaandike kwenye daftari umkabidhi mwalimu atakayewapokea Januari.

Namna ya kufikisha taarifa yenyewe: iwe nusu karatasi. Kopi mbili kwenye karatasi moja, uikate katikati, unatumia karatasi 43 kwa darasa lote. Steshenari wakitoza shilingi 100 kwa kopi, ni shilingi 4,300, na hiyo ofisi ya mwalimu mkuu iigharamie, usitoe mfukoni mwako. Kwa wasiosoma, isome taarifa kwa sauti yako mwenyewe ukairekodi, uitume kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Sauti ya mwalimu inasikilizwa na nyumba nzima. Lakini kwenye kundi hilo usiweke alama za watoto wala picha ya mtoto akiwa ameshika ripoti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Na hata bila sheria, mtoto huyo hajakupa ruhusa.

Michango iache nje. Tangu Januari 2016 shule za msingi za serikali hazitozi ada, na suala la michango ya chakula au mlinzi lina utaratibu wake kupitia kamati ya shule na mkutano wa wazazi. Ukiiweka kwenye karatasi hii, mzazi asiye na hela ataikunja bila kusoma mengine.

Huu ni mfano wa kuanzia. Badilisha kila kisicho cha kweli kwa darasa lako:

*Mzazi au mlezi wa ………, habari za nyumbani. Mwaka wa masomo unaisha na napenda ujue mtoto wako amepita wapi. Januari wengi wao hawakujua sauti za herufi. Leo wengi wanasoma sentensi fupi kama "Mama anapika ndizi", na wanaandika majina yao bila kuangalia mahali. Maneno kama mbwa, ng'ombe na nywele bado yanatusumbua. Tutaendelea nayo darasa la pili. Wanajumlisha na kutoa kwa vizibo, na baadhi wameanza kufanya kichwani. Tulipanda mchicha nyuma ya darasa, wakaumwagilia kwa zamu, na kila mmoja alipeleka fungu nyumbani.*

*Likizo hii nakuomba jambo moja: kila siku mtoto akusomee kwa dakika kumi, kitabu au maandishi yoyote yaliyopo nyumbani. Kama wewe husomi, msikilize, kisha muulize alichosoma kinahusu nini. Akitamka sauti ya herufi badala ya kusema "be" au "che", yuko sahihi, ndivyo tunavyofundisha. Akikosea usimchape wala kumcheka, mwambie arudie polepole. Mtume dukani ahesabu chenji. Na mpe muda wa kucheza.*

*Tunafunga tarehe ……… na kufungua tarehe ……… Aje na penseli, kifutio na madaftari. Asante kwa kumleta shule kila siku. Ukiwa na la kuniuliza, njoo. Mwalimu wa darasa.*

*Haya ameandika mwenyewe: ………*

Mstari huo wa mwisho ndio ninaoujali kuliko yote. Kila mtoto aandike hapo kwa penseli yake kitu alichojifunza au anachokipenda shuleni, kwa maneno yake, na wewe usisahihishe hata kama ameandika "napeda kusoma". Wale tisa waandike majina yao, au wachore na kuweka herufi wanazozijua. Mzazi atakayekuuliza tena "wa ngapi" mwoneshe mstari huo, umwekee na ukurasa wa kwanza wa daftari la Januari pembeni yake. Kazi hii ifanyeni Jumatatu ya wiki ya mwisho, asubuhi kabla ya uji, maana kuanzia Jumatano utakuwa kwenye kujaza ripoti na nusu ya darasa itakuwa imeshapanda basi. Bakiza kopi moja ya taarifa uiweke kwenye faili la darasa, aipokee mwalimu wa darasa la pili.